Modeli haiko mchoro wa kunakili

Wandugu malisansiye na wanafunzi, leo tuseme juu ya programu ya sayansi ya mwaka wa 7, ile ya 2018 iliyotoka na mradi PEQPESU kwa feza za Benki ya Dunia. Wengi wanaisifu, na mimi pia: inataka mwalimu aanze na hali ya maisha, si na definisyo. Lakini katika kalasi nilizoingia hapa Kindu, hali inasomwa dakika tano, alafu mchoro unawekwa ubaoni, watoto wananakili. Wanaita ile modeli. Mimi nakataa.

Nilikuwa fundi wa michoro. Jani la muhogo nililichora kwa rangi tatu, nikapata 9 juu ya 10. Kisha, lisansi mkononi, mama mumoja wa Alunguli akaniuliza: « Papa agronomu, sombe yangu inajikunja na madoa ya manjano, sababu gani? » Nikajibu mbio: mozaiki, inaletwa na nzi weupe. Akauza kuku, akanunua dawa ya wadudu. Msimu uliofuata, shamba njo lile lile.

Jibu langu lilikuwa nusu. Virusi vya mozaiki vina njia mbili: nzi weupe, na kijiti chenyewe tunachopanda. Ningechora njia zote mbili, kila moja ingeniambia kitu cha kuangalia. Kama ugonjwa umetoka kwenye kijiti, majani ya kwanza, yale ya chini, yanaota tayari na madoa. Kama nzi njo ameuleta, ya chini yako mazima, ya juu njo yanaharibika. Muhogo ungali mdogo, dakika kumi shambani zinatosha. Mama alihitaji vijiti vizima, si dawa.

Modeli njo ile: unachora unavyofikiri, unasema nini kitaonekana kama ni kweli, unaenda kuangalia, unafuta, unachora tena. Exetat nayo haisaidii: maswali ya kuchagua jibu hayana pointi kwa mtu aliyesahihisha wazo lake.

Walimu mulio humu, haiombi laboratuari. Kaye, kalamu ya risasi, na shamba la sombe nyuma ya shule. Mutoe pointi kwa mchoro wa pili, ule uliosahihishwa. Yule mama, kuku wake haatamuona tena.