"Hukuuliza": kontra ya Kyubey na mabinti wa maajabu

Leo tuache kidogo mambo ya kutafuta kazi, tuongee katuni. Msicheke. Nitasema juu ya Puella Magi Madoka Magica, ile anime ya Kijapani ya mwaka 2011, na mtu ambaye bado hajaiona ajue kabisa kama nitasimulia mpaka mwisho. Asinilaumu kisha.

Nimeiona mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa mwaka wa kwanza pa chuo, tuliipata ku flashi ya rafiki, sauti ya Kijapani na maandishi ya Kifaransa chini. Mara ya pili ni mwezi uliopita, pamoja na mdogo wangu mwanamke mwenye kusoma sheria. Nilikuwa namngojea alie pale watu wote wanalia. Hakulia. Kwenye kipande cha sita alisimamisha kompyuta, akaniangalia: "Yaya, hii kontra iko na thamani gani? Hawa ni watoto."

Mpaka leo sina jibu zuri. Njo sababu ninaandika.

Kwa wale wasiojua: kuna kanyama keupe, sura katikati ya paka na sungura, macho mekundu, mdomo haufunguki hata akisema. Jina lake Kyubey. Anafuata mabinti wa shule ya sekondari, anawaambia: omba kitu kimoja, chochote, nitakupa, wewe utakuwa binti wa maajabu, utapigana na wachawi. Na anatoa kweli. Hadanganyi. Ila kuna mambo hasemi. Hasemi kama siku ya kuweka sahihi roho yako inatolewa mwilini na kufungwa ndani ya kijiwe kinachong'aa, na kile kijiwe kikienda mbali zaidi ya meta 100 unaanguka kama maiti. Hasemi kama kijiwe kinaingia giza polepole, kwa kazi na kwa huzuni, na siku kikiwa cheusi kabisa wewe mwenyewe unageuka mchawi. Wale wachawi waliokuwa wanawaua walikuwa mabinti waliotangulia kuweka sahihi. Wakimwuliza kwa nini alinyamaza, jibu lake ni moja: hamkuuliza.

Mdogo wangu alikasirika kisheria. Mtoto hana uwezo wa kujifunga kwa mkataba, hiyo ni ya kwanza. Ya pili, ridhaa iliyopatikana kwa hila inaweza kuvunja mkataba wote, na kunyamaza makusudi juu ya jambo kubwa kunaweza kuhesabiwa hila. Mbele ya hakimu Kyubey angeshindwa asubuhi na mapema. Nilimwambia: shida ni kwamba hakuna hakimu. Ile dunia imejengwa bila hakimu, bila polisi, bila mzazi mwenye kujua. Mama ya Madoka ni mwanamke mwenye akili, anafanya kazi ofisini, bwana yake ndiye anabaki nyumbani kupika, na wanaongea na binti yao vizuri. Lakini ile siku ya mwisho mama anamzuia Madoka asitoke nje ku zoruba, binti anamwomba amwamini tu, na mama anamwachilia bila kujua anamwachilia kwenda wapi. Hapo mimi ninaumia kuliko pale kwa Mami.

Tuseme sasa juu ya Mami, sababu watu mingi wanasifu anime hii kwa ajili yake. Hadithi za mabinti wa maajabu ni za zamani. Sally alionekana kwenye televisheni ya Japani mwaka 1966. Sailor Moon alifika 1992, na miaka ile Club Dorothée kule Ufaransa ilimpeleka mpaka kwenye nyumba za wanaosema Kifaransa, kaka zetu wakubwa wanamkumbuka. Kanuni zinajulikana: binti wa kawaida, kanyama kenye kusema, nguo inayobadilika kwa muziki na mwanga, marafiki, adui wa kila wiki, na mwisho upendo unashinda. Nyuma ya kanuni kuna pia biashara ya vitu vya kuchezea. Ile fimbo ya maajabu inauzwa dukani. Akiyuki Shinbo aliyeongoza Madoka, na Gen Urobuchi aliyeiandika, wanatumia zile kanuni zote kwa vipande viwili vya kwanza. Halafu kipande cha tatu, Mami, yule mkubwa wao, mwenye kupendeza na kunywa chai, anakatwa kichwa na mchawi mwenye sura ya mdoli. Watu walishtuka. Mpaka leo mtu akikusukuma uione atakuambia: fika kwanza kipande cha tatu, utaona.

Mi nasema ule mshtuko ni kitu kidogo. Kifo peke yake hakikuwa kigeni. Minky Momo, binti wa maajabu wa mwaka 1982, aligongwa na gari akafa mbele ya watoto. Kinachoumiza kwa Mami ni dakika mbili tatu za kabla. Ametoka kumwambia Madoka kama anaogopa, kama analia usiku peke yake, na Madoka amemwahidi kubaki naye. Anaingia vitani akiwa na furaha kwa mara ya kwanza, mwili mwepesi. Furaha yenyewe njo inamfanya asiangalie vizuri. Waigaji wote walichukua kichwa kilichokatwa, wakaacha ile furaha.

Lakini moyo wa hadithi, kwangu mimi, ni Sayaka. Ana rafiki wa utotoni, Kyosuke, kijana mpiga fidla aliyeumia mkono kwenye ajali, na madaktari wamesema hatapiga tena. Sayaka anaomba mkono upone. Unapona. Angalia vile Urobuchi anavyopanga: kabla ya kusaini, Mami alikuwa amemwuliza swali zuri kuliko yote ya anime nzima, kwa maneno mengine tuseme hivi: unataka huyu kijana apone, ama unataka awe na deni kwako? Sayaka alikasirika kuulizwa. Hakujua tofauti yake. Kisha Kyosuke anatoka hospitali, hajui kitu, anarudi masomoni na fidla yake, na rafiki mwingine, Hitomi, anamwambia Sayaka kwa heshima zote: ninampenda Kyosuke, ninakupa siku moja umwambie wewe kwanza. Na Sayaka hawezi. Ameshajua roho yake iko ndani ya kijiwe, anajiona maiti inayotembea. Atamwambiaje kijana amkumbatie?

Hakuna mtu mubaya pale. Hitomi ni mwaminifu, Kyosuke hajui. Hakuna damu pia. Kuna mtoto mwanamke aliyetoa kitu kwa bure, akagundua ndani yake kulikuwa na bei, akajichukia kwa ile bei. Kati yetu tuliosomeshwa kwa jasho la dada mkubwa aliyeacha masomo yake, tunaijua hii hesabu isiyoandikwa. Dada hadai kitu. Anaangalia tu. Na wewe na diplome yako mkononi unashindwa kumwangalia machoni.

Sayaka anageuka mchawi kwenye kipande cha nane, ndani ya gare, usiku, akiwa amekaa karibu na Kyoko. Na papo hapo Kyubey anatoa maelezo ya lugha: kwa kuwa binti anayekua anaitwa shōjo, basi atakayekuwa majo, mchawi, inafaa aitwe mahō shōjo. Kwa Kijapani huu mchezo unaonekana kwa macho. Binti wa maajabu anaandikwa kwa herufi nne. Ondoa mbili za katikati, inabaki mchawi. Kwa Kiswahili hatuna huo ujanja. Kwetu uchawi ni ubaya tu, hakuna mchawi mzuri, njo maana nimelazimika kusema "maajabu" tangu mwanzo. Lakini kuna mahali ile hadithi inatugusa bila kupitia kwa mtafsiri, na ni kwa Kyoko.

Baba ya Kyoko alikuwa mhubiri. Alianza kufundisha mambo ambayo hayamo katika mafundisho ya kanisa lake, wakamfukuza, waumini wakaisha, nyumba ikakosa chakula. Binti akaomba: watu wamsikilize baba yangu. Kesho yake kanisa likajaa. Siku baba alipojua kama wale watu hawakuletwa na imani bali na ombi la binti, alimwita mchawi. Akaanguka kwenye pombe, mwishoni akaua familia pamoja na nafsi yake, akamwacha Kyoko peke yake. Kwenye anime hii habari inasimuliwa kwa dakika chache tu, Kyoko akiwa na mfuko wa matofaa mikononi. Rafiki wa Ulaya ataiona kama hadithi ya kutunga, mzee wa imani kali, kitu cha zamani. Sisi hapana. Tumeona mtoto akitupwa njiani sababu mtu wa Mungu alisema ndiye amefunga riziki ya nyumba. Sheria yetu ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na kuna adhabu ya kifungo. Mdogo wangu anaijua kifungu kwa kifungu. Anaijua pia idadi ya watu wanaoiogopa, alisema, na hakucheka.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema Madoka ni "giza" kwa sababu watoto wanakufa, ninaona hakuangalia vizuri. Giza yake ni ile njia ambayo mtoto mwenye kulisha nyumba anapewa jina la mchawi na wale aliowalisha.

Waliofuata hawakuelewa hii, ama hawakuitaka. Magical Girl Raising Project ya 2016 inawaweka mabinti kwenye mashindano ya kuuana, anayebaki amebaki. Magical Girl Site ya 2018 inamwaga mateso juu ya mtoto mmoja, shuleni na nyumbani, mpaka unajiuliza kama mwandishi anamhurumia ama anafurahia. Nilishindwa kumaliza. Tofauti ni Yuki Yuna is a Hero, ya 2014. Kule kila nguvu kubwa inadai kiungo cha mwili: mmoja anapoteza jicho, mmoja sauti, na ni yule aliyekuwa anaota kuimba. Kule pia wakubwa walijua wakanyamaza. Inatisha kwa utulivu, kati ya mazoezi ya kusaidia jirani na kula udon. Ila mwisho wake wote wanarudishiwa viungo, na mimi nilisikia kama kuibiwa. Kama bei inarudishwa, haikuwa bei.

Nisiifiche pia kasoro ya Madoka yenyewe. Maelezo ya Kyubey kwamba machozi ya mabinti yanazuia dunia yote ya nyota isipoe ni sayansi ya kubandika. Yanampa sababu, hayampi uzito. Yeye anatisha zaidi anapolinganisha wanadamu na mifugo wao, hapo tunashindwa kujibu sababu jana tumekula nyama. Na Madoka mwenyewe analia karibu vipande kumi na moja bila kufanya kitu. Nilipoangalia mara ya pili ndipo niliona kama kungojea kwake ni kazi pia: ni binti mmoja tu ambaye ameona wote wakidanganyika kabla ya kutia sahihi. Ile siku tetemeko lilipiga Japani, tarehe 11 Machi 2011, vipande vya mwisho vilizuiwa, vikaonyeshwa usiku mmoja mwezi wa nne. Watu walingoja zaidi ya mwezi. Katika kile cha mwisho Madoka anaomba kuwafuta wachawi wote kabla hawajazaliwa, wa jana na wa kesho, kwa mikono yake. Bei: hatakuwa tena mtu, hakuna atakayemkumbuka isipokuwa Homura, hata mama yake atabaki na jina bila uso. Anakubali akijua yote. Mdogo wangu alisema, "Sasa hii njo kontra."

Tungeacha pale. Lakini kuna filme ya 2013, Rebellion, na ndiyo imetufanya tusisemeshane siku mbili. Homura, aliyerudia mwezi uleule mara nyingi ili kumwokoa Madoka, anamng'oa kutoka kule juu kwa nguvu, anamrudisha kuwa mwanafunzi, anajenga dunia mpya na kuitwa shetani. Watu wengi wanasema ni usaliti. Mimi ninamwelewa, aliyepoteza rafiki mara zote zile hawezi kushangilia rafiki kugeuka sala. Ila mdogo wangu alirudisha filme nyuma, kwenye uwanja wa maua, pale Homura anamwuliza Madoka kama angeweza kuwaacha wote aende mbali. Madoka anajibu kama hangeweza, ingemuumiza mno. Homura anashika lile jibu kama ruhusa.

"Angalia," akasema mdogo wangu, "hapa Madoka hana kumbukumbu. Hajui alichochagua. Amemwuliza mtu ambaye hawezi kujibu."

Nikamwambia lakini angalau yeye aliuliza. Akafunga kompyuta, akaenda kulala.