Amani Iliyosainiwa Mbali: Kuirudia Afterlives

Sekondari nilikariri hivi: Mkataba wa Versailles, 1919, Ujerumani ikapokonywa makoloni yake, Tanganyika ikaenda kwa Mwingereza, Ruanda-Urundi kwa Mbelgiji. Nikapata alama zangu, nikasahau. Hakuna aliyeniuliza ilikuwaje kwa mtu aliyerudi kwao anachechemea, hajui hata mwenye nchi sasa ni nani.

Swali hilo ndilo limenirudisha kwenye Afterlives (2020) ya Abdulrazak Gurnah. Mara ya kwanza niliisoma harakaharaka, mwaka ule alipopata Nobeli, na nikabaki na kinyongo. Vita anavieleza kweli kweli: Hamza ndani ya jeshi la Wajerumani, afisa anayemfundisha Kijerumani huku akimdhalilisha, upanga unaomlemaza. Halafu amani inakuja na kupita kama basi lisilosimama kituoni. Mimi nilitaka kuwaona wakubwa mezani, bwana!

Safari hii nimeona kosa lilikuwa langu. Pale mezani hakuwapo Mtanganyika hata mmoja. Hata tarehe zenyewe hazilingani: Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, siku hizi Mbala huko Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Basi Gurnah anaihamishia amani nyumbani. Hamza anaomba kazi kwa mfanyabiashara, anapata pa kulala kwa Khalifa, na polepole, kwa aibu nyingi, anampenda Afiya. Huyu Afiya aliwahi kupigwa mpaka mkono ukavunjika kwa kosa la kujua kuandika. Sasa anamsubiri kaka yake Ilyas, aliyekwenda kuwapigania Wajerumani kwa hiari yake. Miaka inapita, mtoto anazaliwa na kupewa jina la mjomba, barua haiji. Kurasa hizo za kusubiri, ambazo zamani niliziruka kwa kuziona zimepoa, ndizo nilizosoma taratibu kuliko zote.

Kama hujakisoma kitabu, ruka aya hii. Rafiki yangu mmoja, msomaji mkali kunishinda, anasema mwisho umelipuliwa: kijana Ilyas yuko Bonn miaka ya 1960, anapekua nyaraka, na kwa kurasa chache tu tunaambiwa mjomba alikuwa akiimba kwenye mikutano ya Wajerumani waliotaka makoloni yarudishwe, kisha akafia kambi ya Sachsenhausen. Anasema ni kama ripoti. Sawa, ni ripoti, ila watu wale wametufikia hivyo hivyo, kupitia mafaili. Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyeingia jeshi lile akiwa mtoto, alikwenda Berlin kudai mshahara wake na wa baba yake. Akafundisha Kiswahili, akaigiza kwenye filamu za enzi ya Wanazi, na mwaka 1944 akafia Sachsenhausen hiyo hiyo. Gurnah angetuwekea kilio pale mwishoni, ningemshuku.

Lakini lipo ambalo simsamehi: wapagazi. Vita ile iliwamaliza wabeba mizigo kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao upande wa Waingereza, nasi tunakwenda pale kila siku kubishana bei ya mashuka. Ndani ya riwaya wanabaki msururu nyuma ya askari. Simkumbuki hata mmoja aliyepewa nafasi ya kukaa chini na kusema lake, na huyu ni mwandishi anayeweza kumpa mlinzi wa ghala ukurasa mzima wa utu.

Juzi nilipita Posta nikasimama kwenye Sanamu ya Askari, iliyopo pale tangu 1927. Nilitaka kusoma maandishi ya chini, ambayo hatuyasomi kwa sababu ya magari. Wapagazi wametajwa. Aliyewekwa juu, bunduki mkononi, ni askari.