Maswali Halisi ni Machache: Namna ya Kupanga Vitabu na Mazoezi ya SAT

Mei 1982, wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakifanya SAT, mtihani unaotumiwa na vyuo vikuu vya huko kuwapima waombaji, walikutana na swali la miduara miwili. Duara dogo, ambalo nusu kipenyo chake ni theluthi moja ya kile cha duara kubwa, linabiringika kulizunguka lile kubwa bila kuteleza hadi lirudi lilipoanzia. Litakuwa limejizungusha mara ngapi? Yalitolewa majibu matano ya kuchagua, na mtungaji alikusudia jibu liwe tatu. Jibu sahihi ni nne, na nne haikuwamo kabisa. Watahiniwa watatu waliwaandikia waandaaji kueleza kosa hilo, na matokeo ya watahiniwa wapatao 300,000 yakalazimika kukokotolewa upya.

Swali lile lilikuwa limepita mikononi mwa watunzi waliobobea, wenye muda na fedha za kulikagua. Kama kosa lilipenya hata pale, mzazi au mwanafunzi anayesimama dukani mbele ya rafu ya vitabu vya mazoezi ana haki ya kuuliza jambo moja kabla ya kutoa fedha: maswali ya kitabu hiki yamejaribiwa kwa nani? Mara nyingi jibu ni kwamba hayakujaribiwa kwa mtu yeyote. Hapo ndipo uchaguzi wa vitabu vya SAT unapopaswa kuanzia, kabla ya kutazama unene wa kitabu au alama kilizoahidi kwenye jalada.

Kwa miongo mingi swali hilo halikuwa na maana, kwa kuwa maswali halisi yalikuwa siri. SAT ilifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1926, na College Board, chombo kinachoumiliki mtihani huo, kilishikilia kwa muda mrefu kwamba hakuna masomo ya ziada yanayoweza kupandisha alama. Stanley Kaplan, aliyeanza kufundisha wanafunzi nyumbani kwao Brooklyn mwaka 1938, alijenga biashara kubwa kwa kuamini kinyume chake. Mwaka 1979 jimbo la New York lilipitisha sheria ya kuwataka waandaaji waweke wazi maswali na majibu baada ya mtihani kufanyika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, College Board yenyewe ikaanza kuuza vitabu vya mitihani halisi iliyokwisha kufanywa, na tangu hapo mwanafunzi asiye na mwalimu wa kulipwa aliweza kufanya mazoezi kwa maswali yaleyale waliyofanya wenzake.

Mabadiliko makubwa yaliyofuata yalirudisha ugumu kwa njia nyingine. SAT ilihamia kwenye kompyuta mwaka 2023 kwa watahiniwa walio nje ya Marekani, na mwaka 2024 kwa walio ndani. Sasa hufanywa kupitia programu ya Bluebook. Mtihani una maswali 98: 54 ya kusoma na kuandika kwa dakika 64, na 44 ya hisabati kwa dakika 70. Kila sehemu imegawanywa katika moduli mbili. Mtahiniwa akifanya vizuri moduli ya kwanza, ya pili humjia ngumu zaidi. Akiyumba, humjia rahisi zaidi, na aliyepelekwa kwenye njia rahisi hawezi tena kufikia alama za juu kabisa. Maswali hutolewa kwenye hazina kubwa, hivyo watahiniwa wawili waliokaa dawati kwa dawati hawaoni mtihani uleule. Ile huduma ya zamani ya kulipia nakala ya maswali na majibu baada ya matokeo iliondoka pamoja na karatasi.

Hapa msomaji aliyepitia shule za Afrika Mashariki anahitaji kubadilisha mazoea. Mtihani wa kidato cha sita ukishafanywa, karatasi yake huwa mali ya wote. Mwanafunzi wa Fizikia anaweza kurundika mitihani ya miaka mingi na kuimaliza yote. Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, huongeza taarifa za uchambuzi wa majibu kwa kila somo, zinazoonyesha watahiniwa walikosea wapi na kwa nini. Mtindo wa kumeza mitihani iliyopita mmoja baada ya mwingine unafaa pale kwa sababu mitihani ipo tele. Kwenye SAT ya kompyuta, mitihani kamili ya mazoezi inayotoka kwa mtungaji mwenyewe inahesabika kwa vidole. Bluebook ilianza na minne. Ikaongezeka, kisha mwanzoni mwa 2025 mitatu ya kwanza ikaondolewa na mingine mipya ikawekwa. Anayeifanya yote katika wiki mbili za kwanza za shauku atabaki bila kipimo cha kuaminika wakati anapokihitaji zaidi.

Kwa nini mitihani ya wachapishaji wengine isizibe pengo hilo? Sababu iko ndani ya mtihani wenyewe. Katika kila moduli kuna maswali mawili yasiyohesabiwa, na mtahiniwa hawezi kuyatambua. Hayo ni maswali mapya yanayopimwa kwa watahiniwa halisi: wangapi wamepata, waliopata ni wenye alama za juu au wamebahatisha, chaguo lipi limewavuta waliokosa. Takwimu hizo ndizo zinazoamua kama swali litaingia kwenye hazina na litakuwa na uzito gani. Ndiyo maana wawili waliokosa idadi ileile ya maswali wanaweza kupata alama tofauti. Mwandishi wa kitabu, hata awe mwalimu hodari, hana takwimu hizo. Anaweza kutunga swali zuri la kufundishia, lakini jedwali lake la kugeuza majibu sahihi kuwa alama kati ya 400 na 1600 ni makadirio tu. Mwanafunzi aliyeambiwa na kitabu kwamba ana 1350 hajui bado kama anayo.

Kwa hiyo kazi zigawanywe. Mtihani rasmi ni wa kupimia, na kitabu cha mchapishaji mwingine ni cha kufundishia. Wanaokosea kwa kawaida hugeuza utaratibu huu: hujipima kwa vitabu vya madukani na kutumia mitihani rasmi kama mazoezi ya kila siku.

Kuna mtego mmoja unaowapata hata waangalifu. College Board huuza kitabu rasmi chenye mitihani ya mazoezi, na toleo la 2023 lilikuja na minne. Mitihani hiyo ya karatasi haibadiliki kulingana na uwezo wa mtahiniwa, na kwa sehemu kubwa maswali yake ni yaleyale ya mitihani ya Bluebook yenye namba hizohizo. Aliyemaliza mtihani wa nne kitabuni, kisha akaufungua mtihani wa nne kwenye kompyuta, atapata alama nzuri zinazotokana na kumbukumbu. Kitabu hicho kinamfaa sana anayeruhusiwa kufanya SAT ya karatasi kwa sababu za kiafya, na hata anayesoma mahali ambapo kompyuta ni ya kuazima. Mwenye kompyuta yake afikirie mara mbili kabla ya kukinunua.

Mazoezi ya kila siku yanapatikana kwingine, tena bure. College Board ina benki ya maswali mtandaoni, ambayo humwezesha mtu kuchagua mada, ujuzi na kiwango cha ugumu, kisha kupata maswali pamoja na maelezo ya majibu. Humo kuna kichujio kidogo ambacho wengi hukipita bila kukiona: kinaondoa maswali yaliyomo kwenye mitihani ya Bluebook inayotumika. Kikiwekwa tangu siku ya kwanza, mitihani kamili inabaki mipya. Khan Academy nayo, tovuti ya masomo inayoshirikiana na College Board, ina masomo na mazoezi yaliyopangwa kwa mada bila malipo.

Kitabu cha kununua basi kichaguliwe kwa kuangalia udhaifu. Tuseme mtahiniwa wa Morogoro ameanza na mtihani mmoja wa Bluebook na kupata 660 kwenye hisabati na 520 kwenye kusoma na kuandika. Kitabu kinene kinachogusa kila kitu kitamchukulia muda kwenye mambo anayoyajua. Atazame matokeo yake kwa undani. Takriban robo ya maswali ya kusoma na kuandika ni ya kanuni za Kiingereza sanifu: wapi koma inatosha na wapi haitoshi, nukta mkato, upatanisho wa kiima na kitenzi. Kanuni hizi hazizidi dazeni chache na zinafundishika haraka. Kama makosa yake yako hapo, kitabu cha sarufi pekee, kama kile cha Erica Meltzer, kitamfaa kuliko vitabu vitatu vya jumla. Mwenzake mwenye alama za kinyume angefaidika zaidi na kitabu cha hisabati tupu, kama kile cha College Panda kilichoandikwa na Nielson Phu, akikumbuka kwamba aljebra na hisabati ya juu pamoja huchukua takriban asilimia 70 ya sehemu hiyo, na jiometri pamoja na trigonometria asilimia 15 tu.

Wanafunzi wa ukanda huu wana jambo lao la pekee kwenye hisabati. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari wa Kenya, na mtihani wa kidato cha sita wa Tanzania humlipa mtu kwa hatua anazoonyesha. SAT inataka jibu tu, kwa wastani wa sekunde 95 kwa swali, na kikokotoo cha kuchora grafu cha Desmos kimo ndani ya programu muda wote. Mwanafunzi hodari atakokotoa milinganyo miwili kwa mkono kwa uaminifu mkubwa huku mwenzake akiichora na kusoma mahali inapokatana. Kitabu chochote cha hisabati kisichofundisha kutumia Desmos kiliandikwa kwa ajili ya mtihani mwingine. Kuhama huku kunawezekana kabisa. Mradi wa KenSAP, ulioanzishwa Kenya mwaka 2004 na Mike Boit, mshindi wa medali ya shaba ya mita 800 mjini Munich 1972, pamoja na mwandishi John Manners, umekuwa ukiwachukua vijana waliofaulu vizuri KCSE, kuwaandaa kwa SAT na kuwafikisha kwenye vyuo vikuu vya Marekani.

Ahadi za jalada zipimwe kwa kiasi. Mwaka 2009 mtafiti Derek Briggs alipitia tafiti zilizokuwapo kuhusu masomo ya ziada ya SAT na kukuta kwamba faida ya wastani ni takriban alama 30 kwa jumla. Huo ni wastani, na wapo waliopanda zaidi, lakini unatosha kumfanya mzazi asiuze mbuzi kwa ajili ya kozi inayoahidi alama 300.

Vitabu vya mitumba navyo vina kazi yake, mradi mnunuzi ajue umri wake. Chenye maswali ya majibu matano, alama za juu 2400 na onyo kwamba jibu baya linakatwa robo ya alama ni cha kabla ya 2016; ushauri wake wa kuacha maswali wazi utamdhuru msomaji wa leo, kwa sababu sasa kubahatisha hakuna adhabu. Chenye vifungu virefu vinavyofuatwa na maswali 10 au 11, na sehemu ya hisabati isiyoruhusu kikokotoo, ni cha kati ya 2016 na mabadiliko ya kompyuta. Leo kila kifungu ni kifupi, cha maneno 25 hadi 150, na kina swali moja. Sura za aljebra na za nukta mkato katika vitabu hivyo bado ni nzuri. Mitihani yake kamili iachwe.

Mtihani wa mwisho wa Bluebook uwekwe hadi siku kumi hivi kabla ya tarehe, na ufanywe kama siku yenyewe: asubuhi, bila simu, mapumziko ya dakika kumi katikati, kwenye kompyuta mpakato ileile itakayobebwa kituoni, kwa betri peke yake. Programu haifanyi kazi kwenye simu. Intaneti inahitajika wakati wa kuanza na wakati wa kutuma majibu. Ikikatika katikati, mtihani unaendelea. Umeme ukikatika, kinachobaki ni chaji iliyomo, na inapaswa kudumu saa tatu.