Wanaowapa Majina Warukaji wa Majani

Mdudu mrukaji wa majani wa jenasi ya Cicadulina ana urefu wa milimita 3 hivi. Hufyonza utomvu wa nyasi, na mahindi nayo ni jamii ya nyasi. Spishi kadhaa za jenasi hii hueneza virusi vya milia ya mahindi, lakini uwezo wao hutofautiana sana, na kwa macho matupu karibu zote hufanana. Hapo ndipo mtaalamu wa uainishaji anapostahili sifa.

Rangi humdanganya. Kwa hiyo hukata tumbo la dume, hulilainisha katika myeyusho wa potasi hadi nyama iishe, kisha huchunguza viungo vya uzazi katika glisarini chini ya hadubini. Umbo la uume, linalotofautiana baina ya spishi, huchorwa kwa mkono, mkunjo kwa mkunjo. Majike, masikini, mara nyingi hubaki bila jina la uhakika. Kielelezo kimoja huteuliwa kubeba jina na kuhifadhiwa makumbushoni, ili mwenye shaka akirudie.

Mtaalamu wa wadudu Naudé aliieleza spishi ya Cicadulina mbila mwaka 1924 huko Afrika Kusini. Baadaye mtafiti H. H. Storey, akiwa Amani, Usambara, alionyesha kwa majaribio kuwa ndani ya spishi hiyohiyo uwezo wa kueneza virusi hurithiwa. Majaribio hayo yangekuwa vurugu tupu kama spishi zingechanganywa. Mwaka 1936 mtaalamu wa uainishaji W. E. China wa London aliiita spishi nyingine Cicadulina storeyi.