Monte Bello: Mvinyo Uliochelewa Kushinda

Barabara ya Montebello ikishaachana na mji wa Cupertino, California, huanza kupanda kwa kona za kubana zisizompa dereva nafasi ya kutazama pembeni. Bondeni yamebaki makao makuu ya Apple. Juu, kwenye mwinuko wa takriban mita 700, kuna kiwanda cha mvinyo cha Ridge, ambako watu hupanda wikendi kwenda kuonja na kurudi siku hiyohiyo. Wengi hufuata mandhari, na mandhari kweli ipo. Lakini mpenzi wa mvinyo huenda na swali: mvinyo wa hapa wa Monte Bello wa mwaka 1971 ulitengenezwaje hata ukawashinda wenzake uzeeni, baada ya kushindwa nao ujanani?

Tarehe 24 Mei 1976, Mwingereza Steven Spurrier aliandaa shindano jijini Paris, mvinyo wa Ufaransa dhidi ya wa California, majaji wakionja bila kuona lebo. Kwenye mvinyo mwekundu, Monte Bello ya 1971 ilishika nafasi ya tano. Mwaka 2006 mvinyo uleule ulionjwa upya, London na Napa. Safari hii Monte Bello iliongoza, tena kwa mbali.

Sehemu ya jibu inaonekana shambani. Mizabibu imepandwa kuanzia mita 400 hivi hadi zaidi ya 800, na upepo baridi wa Bahari ya Pasifiki huifikia bila shida. Zabibu huiva polepole, zikapata ladha bila kupoteza uchachu wake. Dodoma mkulima huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Huku ni mara moja tu, mwaka unapoelekea ukingoni. Chini ya udongo kuna mawe ya chokaa, jambo adimu California.

Sehemu nyingine ni mikono ya watu. Paul Draper, aliyejiunga na Ridge mwaka 1969, alikuwa amesomea falsafa, si utengenezaji wa mvinyo, na pengine hilo ndilo lililomwokoa. Badala ya mitindo ya viwanda vikubwa vya wakati wake, alirudia njia za kale: chachu inayokuja na zabibu zenyewe, na mapipa ya mwaloni wa Kimarekani wakati wengi walitukuza ule wa Ufaransa. Kila tangi huonjwa mara kwa mara likiwa linachachuka, ili maganda yatolewe kabla ukakasi haujazidi. Kuyaacha mno huleta mvinyo mgumu usiolainika. Kuyatoa mapema huleta mwepesi usiofika mbali.

Kisha unakuja mchujo. Zabibu za kila kipande cha shamba huchachushwa peke yake, na waonjaji huamua bila kujua kipi ni kipi: kinachostahili huingia kwenye Monte Bello, kilichobaki huuzwa kwa jina la chini. Ni uamuzi wa gharama, maana tofauti ya bei kati ya chupa hizo mbili si ndogo.

Mezani, Monte Bello changa inaweza kumkatisha tamaa mgeni. Ufizi hukauka kwa ukakasi, halafu mate hujaa mdomoni ghafla: huo ndio uchachu, na ndio unaoubeba mvinyo miaka mingi. Anayetafuta ulaini wa papo hapo atauona ukali tu.

Kabla ya kurudisha chupa, inafaa kuigeuza. Tangu mavuno ya 2011 Ridge huandika viambato kwenye lebo ya nyuma, ingawa sheria ya Marekani haikuwalazimisha. Miaka mingine orodha hiyo huwa na kalisiamu kaboneti, unga unaopunguza uchachu: mlima ulikuwa umezidisha baridi, na watengenezaji wakalazimika kuurudisha nyuma kidogo.