TAJASSUS NA USHABIKI WA VYAMA: MIZANI MBILI KATIKA MJADALA WA MAREKANI

 

Mwanzoni mwa mwaka 2006 tulikuwa tukidarsisha aya ya 12 ya Suratul Hujurat, inayokataza dhana mbaya, tajassus na kusengenyana. Mfano tulioutoa ulikuwa wa serikali ya Marekani. Habari ilikuwa bado mpya: tarehe 16 Disemba 2005 gazeti la New York Times lilifichua kwamba Rais George W. Bush aliiruhusu idara ya ujasusi wa mawasiliano, NSA, kusikiliza simu na kusoma barua pepe za watu waliomo ndani ya nchi wanapowasiliana na nje, bila ya kibali cha mahakama. Tulisema kwa ukali, na wasikilizaji wakatuunga mkono.

Mwezi Juni 2013 ikabainika, kwa nyaraka alizotoa Edward Snowden, kwamba serikali ya Rais Barack Obama inakusanya kumbukumbu za simu za mamilioni ya watu wasiotuhumiwa lolote. Safari hii darsa letu lilinyamaza. Sababu tunaijua, nayo haitupendezi: baba yake alikuwa mtu wa Kenya, na sisi tulimpenda. Aya ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni jina la mtawala.

Tumeanza na aibu yetu wenyewe, ndugu msomaji, kwa sababu makala haya yanawakosoa wengine kwa kosa hilo hilo.

Yaliyodhihiri Marekani

Sheria ya mwaka 1978, iitwayo FISA, iliweka mahakama maalumu ya kutoa vibali vya upelelezi wa namna hii. Ilitungwa baada ya kamati ya Seneti chini ya Frank Church kufichua kwamba serikali za vyama vyote viwili zilikuwa zikiwapeleleza raia, akiwemo Martin Luther King. Kwa hiyo Wamarekani walikwisha onywa kwamba ugonjwa huu hauna chama.

Pamoja na onyo hilo, tazama kura za maoni za taasisi ya Pew na gazeti la Washington Post. Januari 2006, chini ya Bush, wafuasi wa Republican walioona upelelezi wa NSA unakubalika walikuwa asilimia 75, na wa Democratic asilimia 37. Juni 2013, chini ya Obama, Republican walishuka hadi asilimia 52, na Democratic wakapanda hadi asilimia 64.

Insafu inatulazimu tuseme kwamba maswali hayakuwa sawa neno kwa neno. La 2006 lilihusu kusikiliza mazungumzo ya washukiwa bila ya mahakama. La 2013 lilihusu kukusanya kumbukumbu za simu kwa amri ya siri ya mahakama. Mtu anaweza kwa haki kuyatolea hukumu mbili mambo haya mawili. Lakini tofauti hiyo ingewasogeza watu wa vyama vyote upande mmoja. Haielezi kwa nini hawa walipanda na wale wakashuka.

Viongozi nao hawakusalimika. Mei 2006 Seneta Joe Biden alikosoa kwenye televisheni ukusanyaji wa kumbukumbu za simu, akieleza kwamba orodha tu ya unaowapigia inatosha kufichua maisha yako. Mwaka 2013 alikuwa Makamu wa Rais katika serikali iliyokuwa ikifanya jambo hilo. Donald Trump alitia saini Januari 2018 kurefusha kifungu cha 702 cha sheria ya FISA. Aprili 2024, akiwa nje ya madaraka, aliwataka watu wa chama chake waiue sheria hiyo, akilalamika kwamba ilitumika dhidi ya kampeni yake. Malalamiko yake yalikuwa na msingi kiasi: mwaka 2019 mkaguzi wa Wizara ya Sheria alikuta makosa mazito 17 katika maombi ya kumpeleleza mshauri wake wa zamani wa kampeni. Hata hivyo, mwenye kuijua dhulma pale tu inapogonga mlango wake hajaijua bado.

Mizani ya wanavyuoni

Wanavyuoni wetu walilizungumza suala hili kabla ya simu kuwepo. Imam Al-Mawardi (aliyefariki mwaka 450 Hijria), katika Al-Ahkam as-Sultaniyya, mlango wa hisba, anaeleza kwamba msimamizi wa hisba hana ruhusa ya kupekua yaliyofichika. Amevua hali moja: mtu mwaminifu anapoleta habari kwamba fulani amejitenga na mtu ili amuue, na ikichelewa madhara hayatarekebishika. Hapo inajuzu kuchunguza. Jambo likiwa chini ya kiwango hicho, haijuzu.

Zingatia masharti yake: habari ya mkweli, mtuhumiwa maalumu, na madhara makubwa yasiyorudishika. Kuwakusanya watu wote ndani ya wavu mmoja, halafu ndipo atafutwe mwenye kosa, ni kuigeuza hukumu juu chini. Imam Al-Ghazali naye ametaja katika Ihya kisa cha Sayyidna Umar (R.A.) aliyeparamia ukuta akamkuta mtu katika maasi. Mtu yule akamkumbusha kwamba yeye ameasi mara moja, lakini Umar ameasi mara tatu: kwa kupeleleza, kwa kutopita mlangoni, na kwa kuingia bila ya idhini wala salamu. Umar akamwacha. Tukikubali kwamba uadilifu wa Umar haukuihalalisha tajassus, ni mtawala gani wa leo ambaye wema wake utaihalalisha?

Hapa ndipo hoja ya wakereketwa inapoanguka. Kila upande husema: sisi tunamwamini huyu wetu. Lakini mtawala huondoka na mitambo hubaki, na atakayeikuta huenda ni yule unayemwogopa.

Wapo wanaotoa hoja ya dharura, na hoja hiyo haifai kubezwa. Watu karibu 3,000 waliuawa tarehe 11 Septemba 2001. Lakini kanuni ya fiqhi ni kwamba dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Januari 2014 bodi rasmi ya Marekani inayosimamia faragha na uhuru wa raia iliripoti kwamba haikuona hata tukio moja ambapo mpango wa kumbukumbu za simu ulileta tofauti halisi katika uchunguzi wa tishio la ugaidi. Na polisi wa New York walikuwa na kitengo kilichoorodhesha misikiti na mikahawa ya Waislamu. Mwaka 2012 mkuu wa ujasusi wa jeshi hilo alikiri kwa kiapo kwamba katika kipindi chake kazi ya kitengo hicho haikuzaa hata uchunguzi mmoja. Kikafungwa mwaka 2014.

Walioshika msimamo

Haitakuwa haki kusema wote walipotea. Machi 2013 Seneta Ron Wyden wa Democratic alimuuliza hadharani James Clapper, mkuu wa ujasusi katika serikali ya chama chake mwenyewe, kama NSA inakusanya taarifa za mamilioni ya Wamarekani. Clapper akakanusha, na baada ya miezi 3 ukweli ukatoka. Tarehe 24 Julai 2013 wabunge wawili wa Michigan, Justin Amash wa Republican na John Conyers wa Democratic, walileta pendekezo la kuusimamisha ukusanyaji ule. Walishindwa kwa kura 205 dhidi ya 217. Waliowaunga mkono walikuwa Republican 94 na Democratic 111, na viongozi wa juu wa vyama vyote viwili walikuwa upande wa pili. Wagomvi wa jukwaani walipatana pale madaraka yenyewe yalipoguswa.

Funzo kwetu

Mtume (S.A.W.) alipoulizwa kuhusu asabiyya, alijibu kwamba ni kuwasaidia watu wako katika dhulma. Hakusema kwamba kuwapenda watu wako ni kosa. Ndiyo maana Qur'ani imefunga milango yote miwili: aya ya 8 ya Suratul Maida inakataza chuki isitutoe kwenye uadilifu, na aya ya 135 ya Suratun Nisaa inaamrisha uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Mwaka 2006 tulidhani tunaitekeleza ile aya ya Hujurat, kumbe tulikuwa tunamchukia Bush tu. Mwaka 2013 mapenzi yalitufunga mdomo.

Kwa hiyo tunawausia maimamu na wanafunzi wenzetu jambo jepesi kulitaja, zito kulitenda. Kabla hujapanda mimbari kukemea au kutetea kitendo cha mtawala, badilisha jina: weka la unayempenda mahali pa unayemchukia. Hukumu yako ikibaki ilivyo, sema. Ikitikisika, teremka kwanza ukaihesabu nafsi yako.

Wallahu a'lam.