Kamera ya Feri hadi Kariakoo: mwendo ulikwama wapi

Mandhari yenyewe ni katuni ya kompyuta ya sekunde 12, Dar es Salaam. Kamera inanyanyuka juu ya maji ya bandari pale Feri, inapita Sanamu ya Askari, inafuata Mtaa wa Samora hadi Mnara wa Saa, kisha inashika Uhuru na kuingia Kariakoo. Majengo yamejengwa vizuri, mwanga wa asubuhi umekaa. Lakini ukiitazama ni kama umepanda daladala yenye dereva mgeni: inavuta, inasita, halafu inafyatuka kuelekea sokoni.

Walioitengeneza walishuku kompyuta. Wakapunguza vibanda na watu wa Kariakoo ili faili iwe nyepesi. Haikusaidia. Wakaongeza fremu kutoka 25 hadi 50 kwa sekunde, na kigugumizi kikabaki palepale, safari hii kikionekana vizuri zaidi. Fremu nyingi haziondoi kosa la mwendo, zinalianika.

Wakarudi kwenye 25, na dawa ikaanzia kwenye kupima. Kulikuwa na fremu kuu 4, zile ambazo kamera imepangiwa mahali pake: Feri, Askari, Mnara wa Saa na soko. Zilipangwa kila baada ya fremu 100, kwa sababu namba hizo ni rahisi kukumbuka. Masafa sasa: modeli haikufuata vipimo vya ramani, na ndani yake vipande vitatu vya njia vilikuwa na urefu wa 900, 600 na 1,200. Kwa hiyo kamera ilikwenda vipimo 9 kwa kila fremu, ikashuka hadi 6, ikaruka hadi 12. Gawa jumla ya 2,700 kwa fremu 300, unapata 9. Askari akabaki kwenye fremu ya 100, Mnara wa Saa ukarudishwa kutoka 200 hadi 167, soko likabaki 300.

Kona ya Mnara wa Saa bado ilisumbua. Programu huhifadhi mwendo wa kamera kwa grafu tatu, moja kwa kila mhimili, na kila moja hulainishwa peke yake. Ukizikagua moja moja utazisifu zote. Kasi inayoonekana kwenye skrini, hata hivyo, ni ya zote tatu kwa pamoja, na pale konani moja ilikuwa imeshapoa kabla nyingine haijachangamka. Wakazifuta, wakachora njia moja, wakaifunga kamera juu yake, ikabaki grafu moja tu: asilimia ya njia iliyokwisha kupitwa. Angalia asilimia hiyo ni ya nini. Ikihesabiwa kwa nukta za mchoro badala ya urefu halisi, kamera itajikokota kila mahali nukta zilipobanana.

Hesabu ikakaa sawa, jicho likakataa. Juu ya maji hakuna kitu cha karibu cha kupimia mwendo, hivyo kamera ilionekana imelala. Sokoni ni kinyume kabisa. Paa la jengo alilolisanifu Beda Amuli ni safu za miavuli ya zege inayofanana, na kila mwavuli ukipita chini ya kamera ni pigo moja la ngoma. Mapigo yakikosana, hata mtoto anajua. Kasi ileile iliyoonekana uzembe bandarini ilionekana fujo Kariakoo. Kipande cha mwisho kikapunguzwa kasi, na bandarini likawekwa pantoni likikatiza karibu na kamera. Mimi ningeanza na hilo pantoni kabla ya kugusa namba yoyote.

Kanuni ya kuanza taratibu na kumaliza taratibu ni ya wachoraji wa Disney, na mwaka 1987 John Lasseter aliandika jinsi ya kuitumia katika katuni za kompyuta. Hapa ilihitajika mwanzoni na mwishoni mwa safari tu. Ukiiweka kwenye kila fremu kuu, unazalisha vituo visivyo na abiria.

Vitu vilivyomo ndani ya mandhari navyo vina uzito wake. Msukuma mkokoteni huinama kwanza, mikono ikanyooka, magurudumu bado yamesimama, ndipo yanapozunguka. Katika faili ya kwanza mtu na mkokoteni viliondoka pamoja, na magunia yakaonekana hayana kitu ndani. Fremu 6 za kusubiri zilitosha.

Mwisho ni kurenda, yaani kuutoa mradi kuwa video. Televisheni zetu hutumia fremu 25 kwa sekunde. Ukitengeneza kwa 30 kisha ukabadilisha kwa kutupa fremu moja katika kila 6, umejitengenezea miruko 5 kila sekunde. Simu nyingi nazo huchora skrini mara 60 kwa sekunde, na 25 haiingii kwenye 60 bila baki: fremu moja hukaa mara mbili, nyingine mara tatu. Kazi ya simu irendwe upya kwa 30, kutoka kwenye faili ya mradi, si kutoka kwenye video iliyokwisha tengenezwa.